Ubeti wa Pili

Hotuba kwa vijana wanaoendesha kurasa na makundi ya mashabiki wa muziki, Tanga

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Maadmini wenzangu, poleni na kukesha, maana najua wengi wenu jana hamkulala mapema. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba niingie moja kwa moja kwenye kilichonileta.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, na kwa miaka kadhaa sasa ni admini wa kundi la mashabiki wa msanii mmoja wa Bongo Fleva. Jina lake silitaji, wala la kundi, kwa kuwa kosa nitakalolisimulia ni langu mimi. Nimeombwa niseme jinsi sisi mashabiki wa mtandaoni tunavyompokea mtu anayeikosoa kazi ya msanii tunayempenda. Naanza na usiku mmoja.

Wimbo ulitoka saa sita usiku. Ilipofika saa saba kundi lilikuwa linawaka. Mataji, mioto, "ameua", "wengine wakatafute kazi nyingine". Tunahimizana kila mtu aufungue YouTube mara tatu, asiruke tangazo, asizime katikati, ili asubuhi tuamke namba moja. Katikati ya shamrashamra hizo akaandika binti mmoja ambaye huwa hasemi sana. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu baadaye niliyasoma mara nyingi: "Nampenda na nitaendelea kumpenda. Ila ubeti wa pili umeandikwa haraka. Vina vimeachwa njiani, na kiitikio ni kilekile cha mwaka jana kimevalishwa nguo nyingine. Angekaa nao wiki moja zaidi."

Basi. Hakuna tusi humo, hakuna kejeli.

Jibu la kwanza lilikuja hata hujahesabu kumi: "Nani kakutuma?" La pili: "Upande wa pili wamekulipa bei gani?" Mwingine akaenda kuchukua picha yake ya wasifu, akamzungushia duara jekundu puani, akairudisha kundini na kuuliza kama sura hiyo ndiyo ya kumkosoa mtu. Vicheko vikashuka kama mvua ya masika. Kisha akatokea aliyeujua mtaa anaokaa, akautaja, akataja na genge la mama yake lilipo. Hapo mwili ukanisisimka. Nilijua jambo limevuka mpaka na mimi ndiye mwenye funguo za nyumba. Nikabonyeza jina la yule binti, nikamtoa.

Yeye. Wale wengine niliwaacha.

Kisha nikaandika kwamba kundi hili ni la mashabiki wa kweli, anayetaka kuponda anajua pa kwenda. Watu wakanipigia makofi, nikazima simu, nikalala.

Nimelifikiria sana lile swali la "nani kakutuma". Ndilo swali letu la kwanza siku zote, na kazi yake ni moja tu, kutuondolea mzigo wa kusikiliza. Mtu akishakuwa ametumwa, alichokisema hakina haja ya kupimwa tena. Hatuulizi kama vina vimepotea kweli, tunauliza nani analipa. Na mara nyingi jibu la kweli ni kwamba hajatumwa na mtu. Amekaa na ule wimbo usiku kama sisi, masikio yake yakakwama mahali ambapo yetu yaliruka.

Mniwie radhi, mwalimu ni mwalimu hata akiwa ukumbini. Tazameni lugha yetu ilivyolitengeneza hili neno. Tunasema choma, kisha chomoa. Ziba, zibua. Funga, fungua. Na kosa, kosoa. Mwenye kukosoa analichomoa kosa pale lilipochomeka. Kuponda ni kitenzi kingine kabisa, ukiponda kitu hakibaki kitu. Sisi mtandaoni tumeyachanganya maneno haya mawili mpaka mtoto aliyeanza kutumia simu juzi anadhani ni neno moja. Akiambiwa "unaponda" anaogopa, ananyamaza, na kosa linabaki limechomeka palepale.

Twendeni Unguja, karibu miaka mia nyuma. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu kwa miguu, aliingia mjini na sauti yake ikapanda mpaka kwenye nyumba za wakubwa. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Walioshikwa na gere wakamtungia wimbo wa kumsimanga, kwamba huyu amekuwa mtu lini, si alitoka shamba na kaniki, na kama si sauti angekula nini? Siti akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Shaaban Robert alipouandika wasifu wake hakuyaacha mambo haya nje.

Tumezoea kuisimulia habari hii kama ushindi wa Siti, na ni ushindi kweli. Mimi siku hizi nawatazama zaidi wale waliomsimanga. Hebu wasikilizeni vizuri: ndani ya simango lao wenyewe wamekiri sauti. Kwenye kazi walikosa pa kushika, ndipo wakashuka kwenye kaniki. Nami nikajiuliza, usiku ule kundini kwangu, nani alikuwa Siti na nani alikuwa mtu wa kaniki? Binti alizungumza habari ya ubeti. Sisi tukashuka puani.

Hapa Tanga tuna mfano mwingine, na wakubwa waliokaa mbele hapa watanisahihisha nikikosea. Mama yangu alikuwa mtu wa Black Star, kundi la taarab ambalo Bi Shakila aliwahi kuliimbia. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Lucky Star damu. Wawili hawa walikuwa na timu kabla ya nyinyi kuzijua timu. Mama alikuwa anakunja noti zake mapema, anazifunga kwenye pindo la kanga, na wimbo ukimgusa anainuka polepole, mkono juu, anacheza hatua zake mpaka mbele kwenda kutunza, ukumbi mzima ukimwona. Kutunza kulikuwa maneno. Mstari uliokuinua kitini watu waliujua, na aliyekuwa analengwa naye alijijua.

Ila kulikuwa na neno la pili, nalo lilikuwa kubaki umekaa. Nilikuwa mtoto, nimelala nusu mapajani mwake, kundi lake likaleta wimbo mpya, na mama hakuinuka. Nikamuuliza, mama leo hutunzi? Akaniambia, "Noti naiweka. Wakiutengeneza nitakwenda." Alikuwa mtu wa Black Star siku ile kama siku nyingine zote. Alirudi nyumbani akiwasema vibaya Lucky Star kama kawaida yake. Lakini wimbo ule hakuutunza, na mwimbaji aliona viti havikuinuka. Hakutukanwa na hakudanganywa. Miezi ilipita, wimbo ukarudi umenyooshwa, na mama akapeleka noti yake.

Sitaki kuwapamba wa zamani. Miaka ya 1990, Khadija Kopa yuko TOT na Nasma Khamis yuko Muungano, vikundi viwili vya sanaa vilivyokuwa vikishindana, mipasho ikirushwa huku na kule, mtaani kwetu walikuwepo majirani wasiosalimiana kwa ajili ya waimbaji wawili wasiowajua hata kwa majina ya wazazi. Maneno yalikuwa makali kuliko mengi ninayoyafuta mimi kundini. Tofauti ninayoiona ni hii: mpasho ulijibiwa kwa mpasho, na mpasho unatungwa. Lazima ukae, utafute vina, ufanye mazoezi na wapigaji, usubiri siku ya onyesho. Hasira ililazimika kupita kwanza kwenye kazi, na njiani ilipungua au ikawa sanaa. Sisi hasira yetu inatoka kidoleni ikiwa ya moto vilevile.

Na sisi tuna kitu ambacho mama hakuwa nacho, namba. Tangu Ali Kiba aliporudi na wimbo mpya mwaka 2014 na mji ukagawanyika, huyu Team Kiba, huyu Team Diamond, hoja zetu zimekuwa zikihama taratibu kutoka kwenye nyimbo kwenda kwenye hesabu. Mimi sina ugomvi na timu. Timu zinajaza kumbi, zinamchangia msanii akiumwa, zinamfanya kijana wa uswahilini asikike Lagos. Lakini sikilizeni tunavyobishana. Mtu anasema sauti imemezwa na kinanda, anajibiwa, "Milioni mbili kwa siku tatu, wewe una ngapi?" Milioni mbili ni watu waliofungua mlango. Walichokikuta ndani, namba haikisemi. Na baadhi ya hao milioni ni mimi, usiku, nikiufungua mara tatu kwa amri ya kundi.

Mnakumbuka Novemba 2021 YouTube walipoificha hesabu ya dole gumba la chini. Walisema wazi kwamba watu walikuwa wanajipanga kundi zima kwenda kumshushia mtu madole ili kumuumiza. Hao watu ni sisi, mashabiki wa kila nchi. Alama ndogo ambayo msikilizaji wa kawaida aliweza kuiacha, sawa na mama yangu kubaki kitini, tuliigeuza rungu mpaka hesabu yake ikaondolewa machoni pa watazamaji.

Wenzetu wa mbali wamefika mbele zaidi kwenye njia hii, na yafaa tuone inakoishia. Mwaka 2020 jarida la muziki la Pitchfork liliipa albamu ya Taylor Swift alama 8 kati ya 10. Nane! Darasani kwangu mwanafunzi akipata nane kati ya kumi anakimbia kumwonyesha mama yake. Mwandishi wa uhakiki ule alitafutwa, anwani yake ikasambazwa, akatishiwa, kwa sababu nane si kumi. Na Aprili 2024 jarida jingine la Marekani, Paste, lilipohakiki albamu mpya ya msanii yuleyule, lilichapisha uhakiki bila jina la mwandishi. Wakaeleza sababu kwamba mwaka 2019 walipohakiki albamu yake nyingine, mwandishi wao alitumiwa vitisho vya kudhuriwa. Mimi nawafundisha watoto kwamba mwenye hoja huweka jina lake chini ya hoja. Sasa jarida zima limelazimika kumficha mtu kwa sababu alisikiliza nyimbo na kusema alichokisikia. Na Taylor Swift hakuomba ulinzi huo. Tuulizane, msanii wetu aliuomba wetu?

Kwa sababu wa kwanza kuumia ni yeye. Fikirini msanii anaamka asubuhi kusoma maoni. Upande mmoja wamo chawa, wanaosema ameua hata angekohoa kwenye maiki. Upande mwingine wamo wasiompenda tangu zamani, wanaosema hana kitu hata angeimba na malaika. Wote wawili hawajausikiliza wimbo. Katikati alikuwepo binti mmoja aliyeusikiliza, na admini wake amemtoa. Huyu msanii atajuaje ubeti wa pili umelegea? Atatoka na wa tatu uliolegea vilevile, na siku watu watakapochoka hawatamwambia, watahama kimyakimya, na sisi tutabaki tunahesabu.

Najua mtaniuliza, na wanaokuja kwa shari? Wapo, nawafahamu kuliko mnavyodhani. Akaunti imefunguliwa jana, haina picha, sentensi ileile imebandikwa chini ya posti kumi. Nimejifunza dawa yake, nayo haina matusi. Mwulizeni: dakika ya ngapi? Mwambieni hapo unaposema pabaya ni sekunde gani, tupasikilize wote. Mwenye shari hana sekunde, hajaufungua huo wimbo. Atatukana tena kisha aondoke. Mwenye hoja atakupa sekunde, na pengine atakuzidi. Vitisho ni habari nyingine, hivyo havijadiliwi kundini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na anayetaja genge la mama wa mtu ili watu wamfuate ameshatoka kwenye muziki.

Kama mnadhani watu hawawezi kuibishania kazi kwa ukali na bado wote wakafaidika, nawakumbusha mwaka 1974. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na ulimwengu wa ushairi wa Kiswahili ukatikisika. Wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, wakasema haya si mashairi, ni guni, yaani tungo zilizokosa urari. Wanamabadiliko wakajibu kwamba vina ni vazi la shairi, si uti wake. Walibishana miaka na miaka, vitabuni, magazetini, vyuoni, na hawakubembelezana hata kidogo. Hata hivyo, leo nikimpa mwanafunzi mjadala ule ausome, anatoka akijua mizani ni nini, kina cha kati kinakaa wapi, na kwa nini mtu mzima aweze kuugombea urari wa mstari kama anavyogombea shamba la urithi. Ndiyo maana darasani tunasoma mashairi ya aina zote mbili. Sasa chukueni mazungumzo ya kundi langu usiku ule, mpeni mtoto asome. Atajifunza nini kuhusu muziki?

Nilizinduka kwa njia ambayo sikuitarajia. Zimepita wiki kama tatu, ni likizo, nimekaa barazani nasahihisha madaftari. Kijana wa jirani, wa kidato cha nne, anacheka na simu yake. Namwuliza kuna nini, ananionyesha. Ni ile picha, na duara jekundu puani. Kumbe ilishatoka kundini, ikapita makundi mengine, imefika mpaka barazani kwangu ikiwa kichekesho tu, wengi hawajui tena ilianzia wapi. Akaniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, si ndiye yule uliyemtoa?" Kwake yeye mambo yalikuwa wazi. Mtu katolewa na mwalimu, kwa hiyo ana kosa, kwa hiyo yafaa kuchekwa. Mimi ndiye niliyeipa ile picha muhuri.

Usiku huo nilirudi kundini na kuandika utaratibu mpya. Anayekosoa ataje dakika na sekunde. Anayejibu ajibu palepale, asihamie kwenye sura, kabila, mfuko wala mama wa mtu. Anayetuma picha ya mwenzake atatoka, hata kama ndiye aliyetuchangia fedha za fulana. Nilimtoa aliyechora lile duara, na kweli alikuwa amechangia fulana. Wengi walihama. Wiki kadhaa kundi lilipoa mpaka nikadhani nimeliua. Kisha siku moja ukaibuka ubishi kuhusu kinanda kwenye wimbo mmoja, kama kimeisonga sauti au kimeibeba, ukaenda siku nne. Tukagundua tunaye kaka anayepiga kinanda kanisani kule Korogwe, miaka yote alikuwa akituma mioto tu kama sisi wengine. Akatueleza kwa sauti, ujumbe baada ya ujumbe, huku akitupigia vipande kwa mkono mmoja na mwingine ukishika simu. Nilisikia wimbo ambao nilidhani naujua.

Nanyi mnaosimamia kurasa za wasanii wenyewe, nina ombi moja. Msichukue maneno ya mkosoaji mdogo mwenye wafuasi mia mbili mkayabandika mbele ya wafuasi laki nane na kikatuni cha kicheko. Hamjaandika tusi, ni kweli, lakini mnajua mmefungua geti gani.

Nilimtafuta yule binti. Ilinichukua muda kupata namba yake, na muda mrefu zaidi kupata maneno. Nikamwandikia kirefu, kama mnavyojua walimu, nikaomba radhi kwa kumtoa, kwa ile picha, kwa mama yake kutajwa. Nikamkaribisha arudi. Siku nzima hakujibu. Magharibi ukaingia ujumbe mmoja. Hakugusia picha, hakugusia radhi yangu. Aliuliza, "Mwalimu, ule ubeti wa pili umeusikiliza?"

Sikuwa nimeusikiliza. Nilikuwa nimeufungua wimbo ule mara nyingi mno, kwa zamu, simu imewekwa mezani na sauti imepunguzwa, ili namba ipande. Nilimtoa mtu kundini kwa ajili ya ubeti ambao masikio yangu hayajawahi kukaa nao. Nikavaa spika za masikioni, nikaenda uani ambako hakuna televisheni, nikaurudia ubeti wa pili peke yake mara nne, na mara ya tano nikiwa na kalamu, kama ninavyohakiki shairi la mtahiniwa.

Nikamwandikia: "Dakika ya pili, sekunde ya kumi. Kina kimepotea."

Akajibu: "Ya kumi na nne, mwalimu. Ya kumi bado kipo. Sikiliza tena."